Wenyeji Arubaini

Ijumaa ya kwanza baada ya serikali kuanguka, Khatibu Idarus wa kisiwa cha Chula alifika mahali pa kumwombea mtawala katika hotuba ya pili, akanyamaza. Hakuwa amesahau. Kwa miaka mingi alikuwa akipita hapo kama mtu apitaye kizingiti cha nyumba yake: Ewe Mola, muongoze Rais wetu, mpe afya, mpe ushindi, kisha huyo, kaingia katika dua ya wagonjwa na ya maiti. Lakini redio ilikuwa imeshasema kwamba Rais ameukimbia mji mkuu, Mogadishu, na nani kaketi mahali pake hakuna aliyejua. Khatibu akaishika vizuri bakora ya mimbari, akawatazama watu, watu wakamtazama. Mwishowe aliruka. Akawaombea wagonjwa.

Binti yake, Zakiya, aliyasikia hayo akiwa jikoni, kwa kuwa nyumba yao na msikiti zilikuwa zimeegemeana ukuta kwa ukuta, na sauti ya Khatibu haikuwa sauti ya kuzuiwa na mawe. Aliacha kupara samaki, akausikiliza ule ukimya. Baba yake aliporudi na kuketi kula, alimwambia, "Leo, Baba, ulikosa wa kumwombea."

"Sikukosa. Nilisita."

"Kitabu kinasemaje mtawala asipokuwapo?"

Khatibu Idarus alikuwa mtu wa kitabu, na swali la kitabu halikuwahi kumuudhi hata likiwa na mwiba ndani. Alikuwa na ndevu alizozipaka hina kila mwezi, na sauti aliyojua kuwa ni nzuri, na hakuna ubishi wa kahawa uliomalizika pale Chula bila yeye kuumalizia. Akatoa mwiba wa samaki kinywani, akauweka pembeni ya sahani. "Kumwombea mtawala ni jambo jema, si nguzo. Hotuba haibatiliki kwa kuliacha."

"Basi miaka yote ile ungeweza kuliacha."

Khatibu akavuta sahani karibu. Akaendelea kula.

Jambo hilo baina yao lilikuwa la zamani. Mwaka wa sabini na tano serikali ya mapinduzi ilitoa sheria kwamba mwanamke arithi sawa na mwanamume, na masheikh waliosimama Mogadishu kuipinga walipigwa risasi. Zakiya wakati huo alikuwa msichana wa shule Kismayo, akiimba nyimbo za mapinduzi katika kituo cha chama. Sheria ile aliipenda. Alikuwa amemwona mama yake mdogo akitoka kwenye mirathi ya babake na sufuria mbili na mbuzi kiwete. Lakini habari za masheikh zilipofika alijifungia chooni akalia, asijue anawalilia kina nani, maana hakuwajua na rai yao hakuwa nayo. Likizo ile alirudi kisiwani. Baba yake, ambaye wiki iliyotangulia aliilaani sheria ile mbele ya kila mnywa kahawa, alipanda mimbari akamwombea Rais kwa sauti tamu, kila herufi ikitoka mahali pake. Alikuwa amepata kauli kitabuni: mtawala dhalimu ni afadhali kuliko fitina. Zakiya alifurahi kwamba baba yake atabaki hai. Akaona aibu pia. Furaha na aibu hizo zilikaa kifuani mwake pamoja, hazikupatana, na kidogo kidogo akaacha kuswali nyuma ya mtu yeyote, kisha akaacha kuswali. Aliishi Kismayo akasomesha, akaolewa, akaachika. Shule ilipofungwa na madawati yake kufanywa kuni, alirudi Chula kwa baba yake. Baba hakumuuliza habari za swala. Naye hakumuuliza habari za Rais, mpaka siku ile.

Baada ya Idi mambo yaliharibika. Kismayo ilishikwa na hawa, ikashikwa na wale, na kila aliyeshindwa alipita pwani akichukua alichokiona. Chula wakanyang'anywa mashine za mashua, kisha nyavu, kisha mbuzi. Vijana wakaanza kuondoka, mmoja leo wawili kesho, kuelekea Kiunga na Lamu. Aliyebaki bila kuyumba alikuwa Bakri, muadhini, kaka wa marehemu mama yake Zakiya. Kazi yake ilikuwa kukalafati mashua, na kazi ya mashua ilipokwisha aliendelea kukaa pale pale ufuoni, akisokota pamba ya kuzibia nyufa zisizokuwapo. Hakuwa mtu wa maneno. Zakiya alimpenda kuliko watu wote waliobaki duniani, kwa sababu alikuwa hamshauri mtu.

Siku moja asubuhi boti la mashine liliingia kutoka bandari ya Burgao, akashuka kamanda wa jeshi lililoishika pwani ile. Alivaa kanzu nyeupe, na juu yake koti la kijeshi, na mkononi tasbihi ndefu ya kahawia. Alikuja moja kwa moja barazani kwa Khatibu Idarus, akaamkia kwa adabu, akakaribishwa. Zakiya alipoleta kahawa alimtazama usoni, akamtambua. Alikuwa Abdulhamid. Zamani, katika kituo cha chama Kismayo, ndiye aliyekuwa akiwasomesha siasa jioni, amenyoa ndevu, akipiga meza kwa ngumi na kusema kwamba dini imefanywa pazia la wanyonyaji.

"Jaalle Abdulhamid," alisema Zakiya kwa Kisomali, akimwita kama walivyoitana wanamapinduzi siku zile.

Kamanda alikunja uso, kisha akamkumbuka. "Mwalimu Zakiya. Sikujua kwamba wewe ni wa huku."

"Ulitufundisha kwamba mahali pa dini ni msikitini, isitoke nje."

"Na ndiyo maana nimeifuata msikitini." Hakucheka. Akamgeukia baba yake. "Sheikh, nina haja ndogo. Ijumaa utuombee. Ulitaje jina langu na la jeshi letu pale ulipokuwa ukimtaja yule mzee. Watu wa visiwa wajue kwamba nchi ina mwenyewe."

"Bunduki hazijawajulisha?" aliuliza Zakiya.

"Bunduki inamlaza mtu chini. Ukiondoka nayo, anainuka. Mimi nataka wakae chini nikiwa nimeondoka." Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayeeleza kazi yake.

Khatibu Idarus alinywa kahawa mpaka machicha. Zakiya alimjua, alijua kwamba kichwani mwake kurasa zilikuwa zikifunguka. Kisha baba akatua kikombe.

"Hapa Chula hakuna Ijumaa tena," alisema. "Kwa madhehebu yetu Ijumaa haisihi ila kwa wanaume arubaini, wenyeji, waliotua mahali, wasiohama masika wala kiangazi. Vijana wetu wamekimbia. Hatufiki. Kuanzia wiki hii tunaswali adhuhuri tu, rakaa nne. Hakuna hotuba. Pasipo hotuba hakuna dua, na pasipo dua hakuna jina."

Kamanda aliivuta tasbihi yake punje kwa punje. "Watu ninao. Nitakuletea."

"Watu wako ni wasafiri. Msafiri hahesabiwi."

"Na wakitua?"

Khatibu angeweza kunyamaza. Lakini lilikuwa swali la kitabu, na yeye katika maisha yake hakuwahi kuacha swali la kitabu likaenda zake bila jibu. "Wakitua," alisema, "watakuwa wenyeji."

Zakiya alifumba macho.

Alasiri ile watu walimiminika barazani kumpongeza. Wakasema Khatibu amemfunga kamanda kwa uzi wa buibui, bila ugomvi wala tusi. Naye alikaa katikati yao ndevu zikiwaka hina, akirudia maneno yake, kila mara akiyapamba kidogo. Walipotawanyika, Zakiya alikuwa akikusanya vikombe.

"Ijumaa iliyopita hamkufika arubaini," alisema, "na uliswalisha."

"Ipo kauli dhaifu inayoruhusu wachache."

"Na leo imekwenda wapi?"

"Leo nimemwondosha mtu mwenye bunduki na hakuna aliyeumia. Wewe ungefanyaje?"

"Ningemwambia sitaki. Umemkataza kwa mlango wa nyuma, Baba. Mlango wa nyuma nao ni mlango. Mtu huingilia."

"Maneno ya chama hayo."

"Ndiyo. Mengine yalikuwa mabaya, mengine hayakuwa."

Hazikupita siku nyingi, maboti yakarudi, na safari hii wanaume walishuka na magodoro, masufuria, na birika zao. Walianza na nyumba za waliokimbia. Zilipojaa wakaingia katika nyumba zenye wanawake peke yao. Kwa kila mlango waliouvunja, yule aliyewaongoza alisema neno lile lile, kwa upole kabisa: tumekuja kutua. Kuluthumu, aliyekaa nyuma ya msikiti na wanawe wadogo, ambaye mumewe alikuwa amekwama Kiunga, alitolewa akiwa na unga mikononi. Alikuja kwa Khatibu na watoto, na chungu, na mkeka mmoja. Zakiya akamtandikia chumbani mwake.

Khatibu Idarus alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. "Pole, mwanangu. Mola atakurudishia."

Kuluthumu alikuwa akimfuta mtoto mafua. Hakugeuka. "Mola sina ugomvi naye, Khatibu. Hakuja kwangu. Aliyekuja alikuwa na maneno yako mdomoni. Sisi wachu wa Chula tumezoea kuibiwa, lakini mwivi zamani alikuwa akijua kwamba ni mwivi. Huyu wangu anasema kitabu kimempa."

Khatibu alifungua kinywa. Zakiya alingoja kauli, maana hakuna jambo ambalo baba yake hakuwa na kauli yake. Mzee aligeuka akaenda kuketi ukumbini, mbele ya rafu ya vitabu vyake vilivyoliwa na mchwa pembeni, na mpaka magharibi hakukishusha hata kimoja.

Alhamisi Kamanda Abdulhamid alituma salamu: wenyeji sasa wametimia na kuzidi, Sheikh ajitayarishe. Ijumaa asubuhi Khatibu alioga, akavaa joho lake, akamwita binti yake ukumbini.

"Ungekuwa wewe," alisema, "ungesema nini?"

Zakiya hakukumbuka hata siku moja ambayo baba yake alimuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa na jibu lake. Lilimpendeza. Baadaye alijichukia kwa kupendezwa. "Ningesema ukweli, mfupi, kila mtu ausikie."

"Wataniua."

"Pengine." Akaona uso wa mzee, akaongeza, "Au litaje jina lake, Baba. Mimi sitakulaumu tena. Wallahi sitakulaumu. Lakini usijifiche tena ndani ya kitabu. Ama hili ama lile."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Kisha akatoka.

Msikiti ulijaa siku ile kama usivyojaa tangu vita vianze. Wenyeji waliketi safu za mbele, na nyuma yao wanaume wa Burgao, bunduki zao zimeachwa kwa mwenzao mmoja aliyesimama mlangoni. Kamanda aliketi karibu na mimbari. Zakiya na Kuluthumu walisimama uani, wakichungulia na kusikiliza kwenye tundu la dirisha la msikiti.

Hotuba ya kwanza ilikuwa ya kawaida, mtu angeweza kuisinzia. Khatibu akaketi, akainuka kwa ya pili. Alipofika mahali pale, alinyamaza. Kisha akaacha Kiarabu, akasema kwa Kiswahili chao cha kisiwani, na baada ya kila neno akalirudia kwa Kisomali ili pasiwe na mtu wa kusema hakuelewa.

"Nimeulizwa nani ni mwenyeji. Sikiliza. Akaaye katika nyumba ya mwenziwe bila ridhaa yake, hata akikaa mpaka mvi, si mwenyeji. Ni mwivi aliyelala. Nimeombwa nimtaje mtu katika dua. Sitamtaja. Atakaye utawala na auombe kwa watu, watampa au watamnyima. Atakaye rehema na aiombe kwa Mola. Mimi si dalali wa baina yao. Kwa hivyo twende kwenye swala."

Zakiya aliona hofu, na katika hofu hiyo ilikuwamo fahari, hakuweza kuikana. Kuluthumu alimshika mkono.

Kamanda Abdulhamid aliinuka. Watu wake wakatazamana, wakitaraji amri. Lakini hakutoa amri. Alimsogeza Khatibu kwa kiganja, polepole, kama mtu asogezaye kiti, akapanda daraja za mimbari yeye mwenyewe. Akainua mikono. Akaanza kujiombea. Kiarabu chake kilikuwa kidogo, kikamwishia njiani, akaendelea kwa Kisomali: Ewe Mola, mnusuru Abdulhamid, wape jeshi lake ushindi, waangamize wanaompinga. Nyuma wakaitikia amina. Mbele, wenyeji walikaa na mikono mapajani.

Ndipo Bakri aliposimama. Wala hakumtazama kamanda. Alisimama mahali pa muadhini kama alivyosimama kila siku ya maisha yake ya utu uzima, akakimu swala. Allahu Akbar, Allahu Akbar. Sauti yake ilikuwa ya kila siku, si kubwa si ndogo. Hotuba imekwisha, ndivyo ilivyosema sauti ile. Anayeendelea kusema anasema peke yake. Safu za mbele zikainuka zote pamoja, na katika safu za nyuma pia, Zakiya aliambiwa baadaye, wapo walioinuka, kwa kuwa mguu wa Mwislamu ukisikia ikama huinuka wenyewe.

Mlio wa bunduki ulitokea mlangoni. Nani aliyemwamuru yule mlinzi, au kama aliamriwa, haikujulikana. Bakri alikuwa amefika kwenye "njooni kwenye swala". Alianguka kwa ubavu juu ya mkeka, mkono wake mmoja bado sikioni.

Zakiya hakukumbuka jinsi alivyofika ndani. Alikumbuka kwamba aliingia msikitini kwa mlango wa wanaume, kichwa wazi, na hakuna aliyemzuia. Alikumbuka kwamba watu wa Burgao walikuwa wakitoka huku wameinamisha vichwa, na mmoja wao alikuwa akilia waziwazi kwa sauti ya kike. Kamanda alibaki juu ya mimbari, ameishika bakora, kama mtu aliyepanda mnazi na kusahau njia ya kushukia. Khatibu Idarus alikuwa amepiga magoti, kichwa cha shemeji yake kimelala pajani mwake, anamlakinia shahada, neno kwa neno. Midomo ya Bakri ilicheza mara mbili tatu. Kisha haikucheza.

Walimzika alasiri ile ile. Magharibi haijaingia, mjumbe akaleta neno la kamanda: Khatibu na walio nyumbani mwake, kesho wasionekane Chula. Kuliko kuuawa, hilo lilikuwa jepesi, na watu walisema kamanda aliogopa lawama za wazee wa kwao kwa damu iliyomwagika msikitini. Asubuhi waliondoka katika mashua ya binamu yake Kuluthumu, Khatibu, Zakiya, Kuluthumu na wanawe, na wengine waliojipakia bila kuuliza nafasi. Vitabu havikupakiwa. Mzee aliambiwa achague baina ya sanduku la vitabu na pipa la maji, naye alichagua maji kabla maneno hayajaisha.

Kiunga walimkuta mume wa Kuluthumu. Alikuwa hai, lakini homa ilikuwa imemmaliza, na hakupona. Kutoka hapo Lamu, kutoka Lamu Mombasa, katika kambi ya wakimbizi, mahema na vibanda vya karatasi za nailoni juu ya udongo mwekundu. Khatibu Idarus hakukubali tena kupanda mimbari. Watu walimwendea wakamwambia hapa kambini arubaini tunayo mara kumi. Akasema, "Na mwenyeji ni nani hapa?" Ijumaa alitembea na wanaume wengine mpaka msikiti wa mtaa, nje ya kambi, akaketi safu ya nyuma kama mtu yeyote, akaswali nyuma ya khatibu kijana wa Mombasa aliyekuwa akikosea irabu. Hakumsahihisha.

Hawakuzungumza habari za Bakri kwa muda mrefu. Ilikuwa siku ya mgao, Zakiya ameketi nje anachagua mawe katika maharage, baba yake akaja akaketi kando yake, akaanza kuchagua naye.

"Ningelitaja lile jina," alisema mzee, "Bakri angekuwa hai."

Zakiya angeweza kusema ajali haina kinga. Angeweza kusema ni siku yake. "Ndiyo," alisema.

"Na wewe ndiye uliyeniambia niseme ukweli."

"Ndiyo, Baba."

"Unajuta?"

"Kila siku. Kisha nakumbuka yule mtu alivyokuwa akijiombea peke yake, na watu wetu mikono mapajani, naona ulisema lililostahili kusemwa. Kisha namkumbuka Mjomba. Nazunguka hivyo mpaka nachoka."

Khatibu alitupa jiwe. "Nimetafuta kauli," alisema. "Kichwani, maana vitabu sina. Nimetafuta mwanachuoni mmoja aseme Bakri alikufa kwa haki, na mwingine aseme nilimuua mimi, nichague. Sikupata." Baadaye kidogo akasema, "Nilijua kusema mbele ya watu. Sikujua kwamba wengine ndio watakaolipa."

"Mimi pia sikujua," alisema Zakiya.

Wakamaliza maharage.

Katika hema moja kubwa walilopewa, Zakiya alianzisha shule. Mwanamke wa shirika lililotoa hema alimwambia kwamba hema ni la masomo, si la dini, na Zakiya akamjibu kwamba ameelewa. Asubuhi alisomesha hesabu na kusoma. Alasiri, mwanamke yule alipokuwa amekwisha kurudi mjini, Khatibu Idarus alikaa kwenye mkeka huo huo akawasomesha watoto hao hao Kurani, na ubao ulibaki na hesabu za asubuhi mpaka kesho yake. Baba na binti hawakuwekeana mkataba. Alipofika baba, binti aliondoka; mara nyingine alichelewa kuondoka, akasikiliza.

Mwaka wa pili kambini, uchaguzi wa Kenya ukiwa umekaribia, alikuja bwana mmoja na gari jeupe, amevaa vizuri, ananukia udi. Alisema jumuiya yake imesikia habari za Khatibu aliyesimama mbele ya bunduki, na inataka kujenga mahali pa hema lile jengo la matofali na mabati, msikiti upande mmoja na madrasa upande wa pili. Watu waliokuwapo wakatoa shukrani. Kisha akaeleza yaliyobaki. Khatibu wa msikiti huo atakuwa Sheikh Idarus, ila hotuba zitaletwa zimeandikwa. Siku ya mkutano mjini watu wa kambi watakuja na bendera ya jumuiya, na Sheikh ataketi jukwaani. Na huyu mwalimu mwanamke, kwa heshima zote, nafasi yake itachukuliwa na mwalimu wao.

"Hotuba zitaandikwa na nani?" aliuliza Khatibu.

"Na wanaojua mambo, Sheikh. Wewe utazisoma tu. Tumeambiwa una sauti."

Khatibu alimtazama binti yake. Zakiya hakutikisa kichwa wala hakukonyeza; hakutaka tena kumtia mtu neno mdomoni. Aliona tu kwamba anaulizwa, na mzee aliona kwamba jibu lake na la binti yake ni moja.

"Rudi na matofali yako, bwana," alisema. "Sitaki."

Hakutaja kauli ya mwanachuoni yeyote. Bwana yule aliaga kwa adabu, na gari likaondoka likiacha vumbi.

Aliyekasirika alikuwa Kuluthumu. Aliwajia jioni ile, mtoto wake wa mwisho mgongoni anakohoa. "Nyinyi wawili mna msimamo," alisema. "Nawaheshimu. Lakini mvua ikija, si msimamo utakaolowa, ni wanangu. Nilitolewa nyumba ya kwanza kwa jibu la ndiyo, na sasa paa la wanangu la kusomea nalikosa kwa jibu la siyo. Lini nitaulizwa mimi?"

Zakiya alitaka kujibu. Alikuwa na majibu mazuri, ya kituo cha chama na ya kwake mwenyewe. Akamtazama yule mtoto, akayaacha.

"Tulikosea," alisema Khatibu Idarus. "Si kwa kukataa. Kwa kutokukuuliza."

"Kuulizwa hakuezeki paa," alisema Kuluthumu, akaondoka.

Vuli ilianza mapema mwaka ule. Asubuhi iliyofuata mvua ya kwanza, hema la shule lilikuwa limepasuka katikati, na watoto walikuwa wamesongamana pembeni na vitabu vyao chini ya nguo. Khatibu alikwenda kwa watu wa mtaa wa nje, wale aliokuwa akiswali nao, akarudi na vijana wawili na mzigo wa makuti waliyopewa bure, makuukuu, mengine yametoboka. Akaomba ngazi ya mbao kwa fundi wa jirani. Kuluthumu alisimama kando, mikono kifuani, akawaangalia jinsi wasivyojua kazi. Mwishowe hakuweza kuvumilia. Alikuja akayachukua makuti mikononi mwa Zakiya, akamwonyesha jinsi ya kuyapandanisha ili maji yateleze.

"Wewe panda," alimwambia Zakiya. "Mimi nitakurushia. Khatibu, shika ngazi, na uishike kweli."

Mzee akaishika kwa mikono miwili. Zakiya akapanda.